Rangi nyeusi isiwe blanketi la kutu

Kijana akinunua nduthi ya mkono wa pili huku Kisegi, ukanda ambapo Migori na Homa Bay zinapakana kando ya Ziwa Victoria, mara nyingi jambo la kwanza kumjia akilini si breki. Ni rangi. Rimu zimeanza madoa ya kahawia, egzosi imechubuka, vioo vya pembeni vimepoteza ule mng'ao wa kromu. Suluhisho la haraka analijua: kopo moja la spreya nyeusi, gazeti kuukuu la kuziba tairi, na dakika thelathini chini ya mti. Jioni nduthi inatoka kama mpya, na wasee wa stejini wanaisifu.

Hatuna ugomvi na rangi nyeusi. Ladha hubadilika. Kuna wakati gari lisilo na bampa la kung'aa lilionekana la kimaskini. Leo wapo wanaofunika kila kipande cha kromu, kuanzia grili hadi fremu za madirisha, ili gari lionekane kali. Mwenye chombo ana haki ya kukipamba atakavyo. Tunachohoji ni tabia ya kupaka rangi juu ya kutu bila kuiondoa, kisha kuuza chombo kama kizima au kumbebea abiria. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa nduthi inayopakia mama na mtoto, methali hiyo si mzaha.

Tuanze na kromu yenyewe. Ile ngozi inayong'aa kama kioo ni nyembamba mno kuliko unywele. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli ndipo kilipo chuma. Kromu haipati kutu. Kinachopata kutu ni chuma, baada ya maji kupenya kwenye vitundu na mikwaruzo. Sasa fikiria maisha ya nduthi ya huku kwetu: kokoto za murram zinapiga rimu kila siku, matope yanaganda kwenye sipoki, maji ya samaki yanachuruzika kutoka kwenye kreti, na kuna wanaoiingiza ziwani kabisa kuiosha. Doa dogo unaloliona juu mara nyingi ni mdomo tu wa kidonda kilichotanda chini.

Ukipuliza rangi juu ya kidonda hicho, umekifunika, hujakitibu. Tena rangi yenyewe haitakaa. Kromu ni laini kama glasi, na rangi haina pa kushika. Wiki chache tu inaanza kubanduka kama ganda la yai, hasa pale buti za dereva zinaposugua na kokoto zinapogonga. Mteja anarudi kwa fundi akiwaka. Fundi anasema rangi ilikuwa feki. Ukweli ni kwamba kazi ndiyo iliyokuwa feki.

Kazi halali ina hatua, na hakuna hata moja inayohitaji mashine ya mamilioni. Osha kwa sabuni, uondoe mafuta na grisi yote. Piga msasa mpaka mng'ao ufe na uso uwe wa ukungu. Palipobambuka, endelea hadi ufikie chuma kigumu na ukingo usihisike ukipitisha kidole. Futa kwa kitambaa chenye thina, na usiguse tena kwa mkono mtupu. Pulizia praima inayong'ata chuma, kisha rangi katika tabaka nyembamba, ukiacha kila moja ikauke. Egzosi inataka rangi iliyotengenezwa kustahimili joto. Ya kawaida itaungua na kutoa moshi. Yote haya ni kazi ya siku nzima au mbili, si ya dakika thelathini.

Halafu kuna sehemu ambazo hazipakwi kamwe. Zile nguzo za kromu za shoki za mbele, zinazopanda na kushuka unapopita shimo, zimepakwa kromu ngumu ili ziteleze ndani ya mipira inayozuia mafuta. Ukizipaka rangi, rangi inakwaruza mipira, mafuta yanavuja, na yakishuka hadi kwenye gurudumu yanaweza kuingia kwenye breki. Vilevile usipake taa, riflekta wala nambari ya usajili. Sipoki yenye kutu nyingi haihitaji rangi, inahitaji kubadilishwa. Ikikatika ukiwa na abiria wawili kwenye mteremko, uzuri wake hautakusaidia.

Afya ya fundi nayo isisahaulike. Rangi za kuchanganya na hadina huwa na kemikali zinazoweza kusababisha pumu, na leso iliyofungwa puani haizizuii. Kromu ikichomelewa au kuchomwa kwa moto mkali, inaweza kutoa mvuke wa aina ya kromiamu ambayo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameiorodhesha kuwa chanzo cha saratani. Ndiyo maana jimbo la California, Marekani, mwaka 2023 lilipitisha kanuni za kuiondoa hatua kwa hatua kemikali hiyo katika viwanda vinavyopaka kromu ya urembo. Kama matajiri wanaiogopa wakiwa na mitambo ya kufyonza hewa, kijana anayefanya kazi kwenye kibanda cha mabati ana sababu zaidi ya kununua maski yenye vichujio, kulowesha msasa maji ili vumbi lisipae, na kufanyia kazi mahali penye upepo, mbali na watoto.

Tunajua jibu la mafundi wengi: mteja hataki kulipia hatua zote hizo. Anakuja na mia tatu mkononi na haraka mguuni. Hoja hiyo ina ukweli, maana mwenye nduthi ya mkopo anahesabu kila siku iliyopotea barabarani kama deni. Lakini fundi anayekubali kila kitu anauza jina lake kwa bei ya kopo la spreya. Ni afadhali amwambie mteja wazi: kwa pesa hizi nitakufanyia rimu ya mbele pekee, lakini nitaifanya sawasawa. Huku vijijini habari husafiri haraka kuliko nduthi yenyewe. Jina zuri linaleta wateja kutoka Sori hadi Magunga bila tangazo.

Kaunti za Migori na Homa Bay nazo zina sehemu yao. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufungua kozi fupi za wikendi kwa mafundi ambao tayari wako kazini, badala ya kusubiri waache kibarua warudi darasani. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hupima mafundi kwa mitihani ya daraja la III hadi la I, hata waliojifunzia chini ya mti. Kijana mwenye cheti hicho anaweza kuomba kazi katika gereji kubwa Kisumu au Nairobi, na akaheshimika.

Nawe mnunuzi, usinunue mbuzi kwenye gunia. Ukiona nduthi kuukuu yenye rimu nyeusi mpya, uliza kwa nini. Bandika gundi ya karatasi juu ya rangi, uivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, ondoka. Chungulia chini ya madigadi na kuzunguka nati, mahali ambapo spreya haifiki. Gonga sipoki moja baada ya nyingine kwa spana, usikilize ile yenye sauti tofauti. Na kama chombo kizima kimebadilishwa rangi, linganisha na iliyoandikwa kwenye logbuku, kwa sababu mabadiliko hayo yanapaswa kuripotiwa kwa NTSA.

Muuzaji aliyepaka rangi na akasema alichofunika hajamkosea mtu. Aliyepaka akanyamaza anajua anachofanya. Vijana wa Kisegi wana mikono ya kutosha kuifanya kazi hii vizuri. Waifanye basi, kutu itoke kwanza, rangi ifuate.