Mnunulieni Lenye Kilomita 236,000

Nauza spea za magari Gerezani, hapa Kariakoo, na kazi hii imenifanya nisiiamini dashibodi ya mtu. Mteja anaingia akitafuta bolijointi za IST, ananihakikishia kwamba gari lake lina kilomita 80,000 tu, kisha anatoa mfukoni ile ya zamani niilinganishe. Naigeuza. Mpira umepasuka, na chuma chenyewe si kile kilichotoka kiwandani na gari. Ni cha bei ya chini, mtu alishakifunga hapahapa mjini. Yaani gari la kilomita 80,000 linabadilishwa bolijointi kwa mara ya pili. "Dada, si unazijua barabara zetu?" Nazijua. Ila barabara mbovu haimalizi mpira wa pedali ya breki, wala haichubui usukani pale dereva anaposhika.

Mvutano uliopo sasa nyumbani kwetu unahusu namba za aina hiyo. Mtoto wa dada yangu, anayeniita mama mdogo, ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Mlandizi na anaishi Kibamba. Zamu za usiku zinamtoa na kumrudisha saa ambazo daladala ni za kubahatisha, na kupanda bodaboda saa kumi alfajiri katikati ya malori ya Barabara ya Morogoro ni jambo linalomnyima mama yake usingizi. Tukachanga. Kaka yetu mkubwa, mjomba wa binti, ndiye aliyetoa fungu nono, kwa hiyo ndiye anayesikika zaidi kwenye kundi letu la WhatsApp.

Tumebaki na magari mawili ya kuchagua, yote IST ya mwaka 2004, yote yamesajiliwa hapa mwaka 2015, yote namba D. La kwanza liko yadi, linang'aa, dashibodi inasoma kilomita 78,000, na wanataka milioni 11 na nusu. La pili liko kwa mwenyewe, mstaafu mmoja wa Mbezi. Lina kilomita 236,000, rangi ya bampa imepauka, anataka milioni 8. Kaka ameandika kwa herufi kubwa: HATUWEZI KUMPA MTOTO GARI LILILOCHOKA. Ndugu wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Mimi nasema mnunulieni hilo la mstaafu.

Najua la kwanza mtakalosema: muuza spea lazima apende magari makuukuu. Basi ningekuwa nafuata biashara, ningewasukuma mnunue la yadi.

Hesabu yake haikubali. Japani gari la miaka kumi kuwa na kilomita chache si ajabu. Wenzetu wana treni, na wengi gari lao haliendi kilomita 10,000 kwa mwaka. Lakini hili halikushuka melini jana. Tuseme lilifika na kilomita 60,000. Zilizobaki ni 18,000 kwa muda wote lililokaa Dar es Salaam, sawa na kilomita 5 hivi kwa siku. Hizo hazimtoi mtu Kimara zikamfikisha Ubungo. Nikawauliza vijana wa yadi wanionyeshe ile karatasi ya Japani ya kulifuta gari kwenye usajili kabla halijasafirishwa, maana huwa inaandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Iko kwa bosi. Bosi amesafiri. Odometa ya IST ni ya kielektroniki, na kijana mwenye kompyuta na kifaa chake anaipangia namba anayoitaka kabla chai haijapoa. Sijasema wao ndio waliofanya hivyo. Huenda na wao waliuziwa hivyohivyo. Kwangu mimi ni gari lisilojulikana limekwenda wapi, na kwa lisilojulikana silipi milioni tatu na nusu zaidi.

Sokoni maneno ni yaleyale: gari imenyooka, AC kali, injini haijaguswa, alikuwa anaendesha mama. Mimi ni mama, naendesha kila siku, na gari langu siwashauri mlinunue.

Mstaafu wa Mbezi alikuwa bwana shamba, na mji wake wa pili uko Morogoro. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anakwenda na kurudi. Nilipomuuliza habari za sevisi aliingia ndani akatoka na kaunta buku lenye jalada gumu, pembe zimeliwa. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kiofisi: "Nimelipokea likiwa na km 96,400." Kuanzia hapo kila mstari una tarehe, kilomita, kilichofanyika na jina la fundi. Risiti amezibana kwa pini. Nyingine wino umefutika kabisa, lakini bado anazo. Kuna safu ya mwisho aliyoiita Maoni. Mahali fulani ameandika, "Fundi anasema wota pampu inavuja, nasubiri mwisho wa mwezi," na mstari unaofuata wota pampu imebadilishwa. Mahali pengine, "Mama watoto analalamika kelele nyuma kulia," na chini yake shokapu. Oil ya gia boksi imemwagwa zaidi ya mara moja, na ameitaja kwa jina, T-IV. Wateja wangu wengi hawajui kama gia boksi ina oil yake, mpaka siku wanapokuja kuulizia gia boksi nzima. Hata siku alipokwaruza mlango kwenye nguzo ya geti lake aliandika.

Sasa mnisomee 236,000 kwa macho hayo. Ukitoa alizokuja nazo, zinabaki takriban 140,000 zilizotembea hapa, nyingi zikiwa za njia ndefu: injini imeshapata joto lake, gia ya juu, breki haiguswi sana. Kuna IST zinazoshinda kwenye foleni ya Mbagala, injini inanguruma saa mbili kwa safari ya kilomita 15, feni inazunguka, oil inaungua, na odometa inahesabu kilomita 15. Saa haizihesabu. Ndiyo maana naweza kumkataa mwenye 120,000 za mjini nikamchukua mwenye 236,000 za Morogoro.

Injini ya IST ya kizazi hicho, iwe ya 1.3 au ya 1.5, inatumia mnyororo wa taimingi, si mkanda. Mkanda una kilomita zake, zikifika unaubadilisha utake usitake. Mnyororo unadumu muda mrefu sana kama oil inabadilishwa, na usipobadilisha oil unalegea, ukaanza kugonga asubuhi injini ikiwa baridi. Kwa hiyo nendeni alfajiri kabla mwenye gari hajaliwasha. Ukikuta boneti ina moto tayari, jiulize kwa nini ameamka mapema kuliko wewe.

Na hapo alfajiri kuna mambo mafundi wetu wanayafanya ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua. Gari likichemka, badala ya kutafuta chanzo, fundi anang'oa themostati na kuunga feni moja kwa moja. Ukifungua swichi tu, injini ingali baridi, feni ikaanza kuvuma, ujue kuna ugonjwa umefunikwa. Vilevile, unapofungua swichi taa ya injini lazima iwake kwanza, kisha izime baada ya kuwasha. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameishughulikia. Fungua kifuniko cha oil: ukikuta uji uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, funga na ushukuru. Tia D, ukiwa umekanyaga breki, usikilize gari linachelewa kiasi gani kushika. Kilomita hazikwambii lolote katika haya.

La mstaafu nalo si malaika. Tairi zake bado zina meno, lakini zile tarakimu nne ubavuni zinasoma 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira wa umri huo simwekei mwanangu barabarani usiku. Shokapu moja ya nyuma inatoa jasho. Betri ni ya kubembeleza. Hayo yote mwenyewe alinitajia kabla sijauliza, na yote yanafungika kwa siku moja.

Pesa ndiyo hoja yangu hasa, na hapo ndipo kaka na mimi tunapoachana. Familia zetu zinajua kuchanga bei ya gari. Hazijui kuchanga matunzo yake. Tunamkabidhi mtu ufunguo, tunapiga picha, tunamwombea, halafu mwezi wa tatu anapiga simu kwamba gari liko gereji na kila mmoja ana msiba au ada ya shule. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, watu wengi wanahisi gari likishanunuliwa limekwisha. Binti huyu kwa zamu zake atakwenda zaidi ya kilomita 1,200 kwa mwezi. Oil kila kilomita 5,000, maana yake kila miezi minne hivi. Galoni ya lita nne inatosha na kubaki kidogo. Mshahara wake unabeba hiyo. Haubebi tairi nne kwa mkupuo, wala bima kubwa.

Tukinunua la yadi, milioni 11 na nusu zote zimekwenda na yeye anaanza na sifuri, akiwa na gari ambalo hatujui linadai nini. Tukinunua la mstaafu zinabaki milioni tatu na nusu. Tairi, shokapu zote mbili za nyuma, betri, oil ya injini na ya gia boksi, kuliant ya kweli badala ya maji ya bomba, bima. Bei sizitaji, mtasema natafuta wateja. Kinachobaki kiingie kwenye akaunti yake, kisiguswe ila kwa gari. Na kabla hata senti haijatoka, tuangalie faini za barabarani na madeni ya maegesho, maana hayo yanafuata namba ya gari na si mtu aliyeyatenda.

Binti mwenyewe aliniuliza swali moja tu. "Mama mdogo, nikikwama pale Visiga saa tisa usiku?" Hilo ndilo swali, na mjomba wake hakulifikiria. Kinacholikwamisha gari njiani usiku mara nyingi ni vitu vidogo: betri, tairi, koili ya plagi, bomba la rejeta lililozeeka. Vyote vinabadilishwa kabla, na vyote kwa IST vinapatikana kuanzia Kibaha mpaka Chalinze. Binamu yake alitaka tuchukue gari la Kijerumani kwa bei hiyohiyo. Zuri mno. Spea yake moja unaagiza, unasubiri, na unaposubiri unapanda bodaboda.

Msinielewe kwamba gari la kilomita nyingi linamfaa kila mtu. Hilo hilo nisingemnunulia baba yetu aliyeko Korogwe, hata kwa milioni tano. Yeye angelitoa Jumapili kwenda kanisani, siku nyingine likae chini ya mwembe. Gari lililozoea kukimbia halipendi kukaa: sili zinakauka zinaanza kuvuja, betri inakufa, panya wanakula waya. Baba hasikii vizuri, kelele ya bearingi ya gurudumu ingemfikia siku gurudumu linapochomoka. Kwake yeye bora tumwekee mwezi kwa mwezi fedha ya bajaji ya kijana anayemwamini. Binti ni mtu wa kuandika chati za wagonjwa kila baada ya saa chache. Nilipompa lile kaunta buku alisome, aliuliza kama atauziwa pamoja na gari.

Limebaki suala la kadi. Kaka anataka isome jina lake "kwa usalama." Nimekataa. Gari la mchango likisomeka jina la mjomba, Jumamosi litabeba maharusi, Jumapili litapeleka magunia, na Jumatatu muuguzi atakuwa kituoni anagombania daladala huku deni la spea likiwa lake. Kama ni zawadi iwe zawadi, kadi isome jina la atakayelimwagia oil.

Fundi ninayemwamini atalipandisha juu wiki hii aangalie chini: kutu, sehemu zilizochomelewa, gia boksi. Akikuta chesisi imenyooshwa tunaliacha, daftari au bila daftari. Akilipitisha, tunalipia. Kaka ameanza kulainika; jana usiku aliandika kwamba kwa kuwa gari lenyewe limeshakula kilomita nyingi, safari moja ya Tanga wakati wa Pasaka haiwezi kuliongezea ubaya. Nimemjibu amwombe mwenye kadi.