Miti ya Dodoma: Kupanda siku moja, kumwagilia miezi saba

KILA mvua zinapoanza kunyesha mkoani Dodoma, viongozi, wanafunzi na watumishi wa umma hushika majembe na kupanda miti. Kazi hiyo humalizika asubuhi moja. Inayofuata huchukua takriban miezi saba, nayo ndiyo huamua kama mti utaishi.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Hata msimu ukiwa mzuri, kuanzia Mei mche hubaki na ardhi kavu, jua kali na upepo.

Kwa sababu hiyo, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), hata ukiwa wa matumaini, si kinga ya mche. Utabiri husaidia kuchagua siku ya kupanda. Hauongezi tone la maji mwezi Septemba. Aidha, El Niño, ambayo mara nyingi huongeza mvua za vuli pwani ya kaskazini, haina uhakika huo kanda ya kati.

Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilizinduliwa Desemba 2017 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Kitaifa, lengo ni kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka.

Hesabu nyepesi yaonyesha uzito wa lengo hilo. Mche ukipewa ndoo moja ya lita 20 kila wiki kwa wiki 30, utatumia lita 600. Miche milioni 1.5 itahitaji lita milioni 900.

Maji hayo yatoke wapi? Jiji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe, huku wakazi wake wakiongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Mgawo wa maji ukibana, hakuna atakayemshawishi mama mwenye ndoo tupu kwamba mche utangulie.

Hata hivyo, njia ipo. Ya kwanza ni kupanda miti inayoweza kuhudumiwa, ikiwamo inayostahimili ukame kama mwarobaini. Ya pili ni kutumia maji yaliyooshea mboga au kusuuzia nguo.

Kumwagilia nako kuna utaratibu. Maji mengi mara moja kwa wiki, alfajiri au jioni, ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa kuwa mizizi huyafuata chini. Kingo za udongo kuzunguka shina huzuia maji yasitiririke, na matandazo ya majani makavu hupunguza kukauka kwa udongo.

Lililobaki ni namna ya kuhesabu. Taarifa za kampeni hutaja miti iliyopandwa. Wakazi wa Dodoma wangenufaika zaidi na taarifa ya Novemba, kabla ya mvua, inayotaja miti iliyo hai.