Tunajua Kutoa, Kupokea Je?

Mwezi huu tuzungumze juu ya majirani zetu tusiosali nao pamoja.

Hapa Buguruni hakuna haja ya kuwatafuta mbali. Nyumba nyingi za huku ni zile za zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani bomba moja na choo kimoja. Chumba hiki amepanga Mkristo, kile Mwislamu, na wa tatu hatujui anasali wapi, maana Ijumaa yuko Kariakoo na biashara yake na Jumapili amelala. Alfajiri tunasikia adhana, nao usiku wa mkesha wanasikia vipaza sauti vyetu (na tukubali, mama, wakati mwingine tunazidisha). Kuishi pamoja, basi, tunaishi. Je, tuna rafiki hata mmoja kati yao?

Sisi tulidhani tunaye. Jirani yetu wa chumba cha mkabala ni mama wa Kiislamu, mkubwa kwetu kwa umri, tuliyekaa naye miaka 11. Tulimwamkia kila asubuhi. Krismasi tulimpelekea wali na soda. Alipofiwa, tulikwenda na wenzetu wa kikundi cha akina mama tukiwa na mchele na sukari. Lakini yeye akituletea futari, tulishukuru mlangoni tukasema tumeshakula. Maji yalipokatika akatutengea ndoo mbili, tukamwambia tutanunua ya mkokoteni. Tuliona huo ndio ustaarabu, kutomsumbua mtu. Na tuseme kweli, chakula kilichoombewa dua nyingine tulikiogopa kidogo.

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja, karibu nyumba nzima ikawa imefunga. Jioni moja, magharibi ikikaribia, mjukuu wake alikuja mbio: “Nesi, bibi anatetemeka!” Tulimkuta ameketi mkekani, jasho linamtiririka, maneno yanampotea. Tulipouliza anatumia dawa gani, binti yake alitoa chini ya mto kadi ya kliniki ya kisukari. Alikuwa na ugonjwa huo miaka sita. Alfajiri alimeza vidonge vyake kama kawaida, akafunga, na sukari ikashuka. Kwa kuwa alikuwa na fahamu na anaweza kumeza, tulimpa maji yenye sukari nyingi. Baada ya robo saa akaanza kuturudia, tukampa chakula, kisha tukampeleka kituo cha afya apimwe. (Mgonjwa aliyepoteza fahamu msimnyweshe kitu. Mwahisheni hospitali.)

Usiku ule usingizi haukuja. Kanisani kwetu watu wa mitaa mingine hupanga foleni baada ya ibada tuwapime presha, na huyu wa hatua nne kutoka mlangoni kwetu hatukujua anaumwa nini.

Kesho yake tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu kwa upole, “Ninyi wanangu mnajua kutoa. Kupokea hamjui. Mtu asiyekula changu, siri yangu nitampaje?”

Maneno hayo yalitupeleka kwenye Injili ya Yohana, sura ya 4. Habari hiyo tumeifundisha mara nyingi, tukikazia waume wa yule mwanamke, wala hatukusimama pale inapoanzia. Bwana amechoka na safari, ni adhuhuri, hana chombo cha kutekea, anamwomba maji mwanamke wa Samaria. Ni Yeye aliyeanza kuhitaji. Sisi tungefika kisimani na chupa yetu.

Na mambo ya chakula si madogo katika nchi yetu. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ulimwaga damu, na mchungaji akauawa. Lakini katika mitaa mingi jambo hili lilikwisha kumalizwa zamani bila kelele: ukiwa na sherehe unamwita jirani Mwislamu akuchinjie, na wageni wote wanakula sufuria moja. Yupo dada kikundini kwetu anayelipinga kabisa, anataja nyama za sanamu kwa Wakorintho. Tunamheshimu. Ila katika barua hiyohiyo, sura ya 10, Paulo anamruhusu Mkristo aliyealikwa na asiyeamini ale anachoandaliwa, asiulizeulize. Nasi tumeshika hapo.

Tangu siku ile tumejifunza kuomba. Tulianza na mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ya kwetu ilivunjika. Halafu tukamwomba atuangalizie mtoto tukiwa zamu ya usiku. Jambo hilo lilitupa taabu, maana tumezoea kuwa watu wa kutegemewa. Futari tulikula, tena tambi zake zilitushinda utamu. Pasaka tulipika samaki, tukamkaribisha, akaja.

Wapo wanaotuuliza, “Sasa, mmemhubiria?” Mwenyewe alituuliza kwa nini tunaamka saa kumi alfajiri kusali, tukamweleza, akasikiliza mpaka mwisho. Nasi tulimwuliza huomba nini baada ya swala zake za usiku. Akasema anawaombea wajukuu, na jina la kijana wetu asiye na kazi limo.

Kuhusu kufunga, alijua vizuri kwamba dini yake inamruhusu mgonjwa kula. Aliona haya tu kuonekana uani na sahani mchana. Kwa hiyo tumekubaliana: wiki kadhaa kabla ya Ramadhani tutaongozana naye kliniki, daktari aamue kama afunge na dawa zipangwe vipi. Akiambiwa asifunge, chakula cha mchana atakula chumbani kwetu, mlango umefungwa.