Nyumba moja, jina moja la Wi-Fi

Kazi yangu ni kufunga mtandao majumbani, zaidi Mji Mkongwe, Unguja. Ubishi ninaokutana nao kuliko hata wa bei ni huu: ekstenda, kifaa cha kurefusha mawimbi ya ruta, ipewe jina gani? Wengi huliacha lile inalojipa yenyewe, jina la ruta lenye mkia wa "_EXT". Ukihesabu na masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz, nyumba ya familia moja inaweza kuonyesha majina manne, na mgeni hajui aingie lipi.

Msimamo wangu ni jina moja, neno la siri moja na ulinzi wa aina moja: ruta ikiwa WPA2, na ekstenda iwe WPA2. Lifanane hadi herufi kubwa na ndogo, maana hata nafasi moja ikizidi, simu inauona mtandao mwingine.

Tazama yanayotokea majina yakitofautiana. Bibi anatoka ukumbini penye ruta, anapanda chumbani juu. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zinayameza mawimbi, hasa yale ya 5 GHz. Kwenye kioo kimebaki kijiti kimoja, lakini simu nyingi haziachi jina zililolishika mpaka likatike kabisa. Ekstenda iko mlangoni pake, ila kwa simu yake huo ni mtandao wa watu wengine. Majina yakiwa sawa, mawimbi yakidhoofu simu hutafuta penye nguvu ikahamia yenyewe. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta yakishuka chini ya -70 dBm. Huenda mazungumzo yakakwama kidogo wakati wa kuhama, hilo linavumilika.

Mafundi wenzangu husema majina mawili yanampa mteja uhuru wa kuchagua. Kuna ukweli ndani yake: ekstenda inayopokea na kurusha kwa redio moja hupunguza kasi karibu nusu, kwa hiyo ni vizuri kujua umeshika ipi. Ndiyo maana mimi huyatenganisha ninapopima, nikimaliza nayafanya moja. Televisheni ya ukutani inayong'ang'ania ruta ya mbali nayo naweza kuipa jina lake. Lakini kumtaka bibi afungue mipangilio kila akipanda ngazi ni kumtwisha kazi ya mashine.

Jina lenyewe lisizidi herufi 32 za kawaida, na lisitaje ukoo wala namba ya nyumba. Mpita njia hana haja ya kuyajua hayo. Kulificha nako hakukingi kitu, kwani programu za bure hulinasa. Kinachokinga ni neno la siri refu.

Kwa hiyo usimlipe fundi kabla hujapiga simu ya video ukitembea toka kwenye ruta hadi chumba cha mwisho. Ikikatika na isirudi mpaka uchague jina jingine, mwambie kazi haijaisha.