Lulanga na likembe ziingie kwenye kompyuta, lakini wazee wetu wasipokonywe

Leo, katika studio ndogo ya Goma, Bukavu ao Bunia, kijana mwenye kompyuta na klavie fupi anaweza kupiga piano, violini na tarumbeta bila kumiliki hata kimoja cha vyombo hivyo. Lakini akitafuta lulanga, chombo cha nyuzi cha Bashi wa Kivu ya Kusini, si rahisi aipate ndani ya programu yake. Matokeo yake, wimbo unaimbwa kwa Mashi na vyombo vyote vinatoka mbali.

Hakuna uchawi hapo. Vyombo vile vya kompyuta vilitoka kwa watu. Mtu alikaa mbele ya mikro, akapiga noti moja moja, kwa upole, kisha kwa nguvu. Fundi alikata kila sauti na kuiweka kwenye kibonyezo chake cha klavie. Likembe yenye vyuma 10, kila kimoja kikipigwa kwa nguvu 3 tofauti na kurudiwa mara 4, inatoa sauti 120. Kurudia huko ndiko kunazuia noti isisikike kama mashine. Programu kama Decent Sampler hailipishwi. Kinachoombwa ni mikro nzuri, chumba kimya na uvumilivu.

Basi tufanye kazi hii sisi wenyewe, tena tuifanye vizuri. Fundi asinyooshe likembe ili ifuate piano. Kila mpigaji anapatanisha vyuma vyake kwa sikio lake na la kwao. Ukisahihisha tofauti hiyo, unabaki na piano yenye sauti ya chuma.

Jambo zito zaidi ni haki ya mpigaji. Unaporekodi wimbo wa mzee, umechukua wimbo mmoja. Unaporekodi noti zake zote, umechukua mkono wake kwa nyimbo zote zitakazotengenezwa kesho, hata zile asizozipenda. Kumpa pesa ya soda na kumshukuru haitoshi. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi na haki jirani tangu tarehe 5 Aprili 1986. Mapatano yaandikwe, yasomwe kwa lugha anayoielewa mzee, yataje jina lake na fungu lake kila chombo kinapouzwa.

Wengine watasema kanda za zamani zipo. Ni kweli. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Kongo mwaka 1952, na kazi yake inahifadhiwa Afrika Kusini. Lakini zile ni nyimbo: sauti ya mwimbaji, makofi na nyuzi vimechanganyika. Ni vigumu kuchomoa humo kila noti ikiwa safi. Kwa kazi hii anahitajika mpigaji aliye hai, na wapigaji wanazeeka. Vita vimewakimbiza watu vijijini, na mwenye kukimbia anabeba watoto na godoro kabla ya kubeba lulanga.

Wengine wanaogopa kwamba kompyuta itaua wapigaji. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwenye studio anaweza kubonyeza klavie badala ya kumwita mzee. Lakini kundi la Konono N°1 la Kinshasa liliunganisha likembe na vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa vipande vya magari ya zamani, na likembe ikasikika Ulaya na Marekani. Umeme haukuiua. Kinachoua chombo ni kukosa mwenye kukitafuta.

Vijana wa studio, anzeni na mpigaji mmoja wa mtaa wenu. Mlipeni siku yake, andikeni jina lake, na mwiteni tena mnaporekodi wimbo wenyewe. Tusipofanya hivyo, kesho mgeni atakuja na mikro yake, nasi tutainunua lulanga yetu kwa dola.