Picha za Simiyu Zisipotee

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na makao yake makuu yakawa Bariadi. Wakati huo filamu ilikuwa imekwisha kuachwa na wapigapicha wengi. Kwa hiyo picha nyingi za maisha ya mkoa huu, kama vile mavuno ya pamba, ngoma za Wagika na Wagalu, na Maonesho ya Nanenane ya kitaifa yaliyofanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, zimo katika simu na kompyuta. Zisipotunzwa, huenda wajukuu wakaijua zaidi sura ya Usukuma wa mwaka 1950 kuliko ya Bariadi ya leo.

Wengi hudhani kwamba picha ya kidijitali haizeeki. Dhana hiyo si sahihi. Picha hiyo ni mfuatano wa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika flashi na kadi ya simu, tarakimu hizo hushikiliwa na chaji ndogo za umeme, ambazo huvuja polepole, na joto huzidi kuziharakisha. Diski ngumu nayo hutumia usumaku na sahani zinazozunguka. Ikianguka, yaweza kufa siku hiyohiyo.

Filamu ilikuwa na uvumilivu. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mwaka 1930, na miongo mingi baadaye picha zake za mji huo bado ziliuzwa dukani humo. Negativu yenye mikwaruzo bado huonyesha uso wa mtu. Faili iliyoharibika mahali pabaya yaweza isifunguke kabisa.

Hata hivyo, picha ya kidijitali ina nguvu ambayo filamu haikuwa nayo: nakala yake ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Hapo ndipo penye siri ya kuihifadhi. Wataalamu hushauri nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Shule ya Bariadi yaweza kuweka nakala moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika shule rafiki huko Maswa au Mwanhuzi. Moto au mwizi hawezi kuzifikia zote kwa mara moja.

Wapo wasemao kwamba intaneti yatosha. Intaneti ni ghala moja tu, na ghala huweza kufungwa. Mwaka 2019 ilibainika kwamba mtandao wa MySpace wa Marekani umepoteza picha na nyimbo nyingi za wateja wake ulipokuwa ukihamisha kumbukumbu zake. Aidha, picha ipitayo WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Yafaa itunzwe ile ya asili.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Picha 10,000 zenye megabaiti 3 kila moja ni gigabaiti 30 tu, nazo huenea katika flashi moja ya gigabaiti 64. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu. Kila mwaka wanafunzi wazifungue nakala zote na kuzilinganisha. Zipo programu zinazokokotoa namba ya uthibitisho ya kila faili: tarakimu moja ikibadilika, namba nayo hubadilika, na nakala mbovu hutambulikana. Hilo ni somo zuri la hisabati na kompyuta.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyo na jina la mahali, tarehe na tukio ni nusu ya picha, hata ikidumu miaka 100. Maelezo hayo yaandikwe sasa, wakati wazee wanaowatambua watu waliomo wangali hai.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hulinda kumbukumbu za umma. Picha za kijiji na za jamaa hazina mlinzi wa namna hiyo. Hapana budi shule za sekondari za Simiyu, zenye walimu, wanafunzi na kompyuta, zianze kazi hiyo kabla simu za mwaka 2012 hazijatupwa zote.