Miwani ya Rangi na Mtoto Anayeshindwa Kusoma

Katika shule nyingi yuko mtoto mwenye akili, hodari kwa hesabu na kwa kazi za nyumbani, lakini mbele ya kitabu awa kama bubu. Asoma neno leo, kesho amelisahau. Baba asema ni mvivu, na fimbo yafuata. Leo twapenda kusema juu ya dawa moja iliyosifiwa sana kwa watoto wa namna hiyo, nayo ni miwani yenye vioo vya rangi.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1983 Helen Irlen, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko California, alieleza kwamba watu wengine husumbuliwa na mwanga wa karatasi nyeupe, hata maneno yaonekana kama yachezacheza. Aliwapa karatasi angavu za rangi za kufunika ukurasa, au miwani, kila mtu na rangi yake. Wengi walishuhudia kwamba wamesaidiwa.

Lakini mtoto apewaye kitu kipya, watu wote wakimtazama kwa matumaini, hujitahidi zaidi. Na sifa huipata miwani. Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwasomesha watoto kwa rangi waliyochaguliwa, kwa rangi nyingine, na kwa karatasi isiyo na rangi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: rangi haikuwaongezea mwendo wa kusoma. Tena mwaka 2009 waganga wa watoto na waganga wa macho wa Marekani walikwisha kuandika pamoja kwamba miwani hiyo haina ushahidi wa kutosha.

Sababu yake ni nini? Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwenye akili na macho mazima, aliyeshindwa kabisa kusoma. Leo twajua kwamba kwa wengi wa namna hii ugumu uko katika kuunganisha sauti za maneno na herufi zake. Kioo hakiwezi kufundisha sauti.

Basi tufanyeje? Kwanza, mtoto apimwe macho kwa mganga, maana asiyeona vizuri ahitaji miwani ya kweli. Pili, mwalimu arudie naye silabi kwa utaratibu, ba, be, bi, bo, bu. Apige makofi kwa kila silabi ya neno, ki-ta-bu, ndipo aliandike. Kidogo kila siku chafaa kuliko kingi mara moja kwa juma. Tatu, nyumbani asichekwe wala asipigwe kwa ajili ya kusoma. Mama au kaka asome naye ukurasa mmoja jioni.

Nazo fedha za miwani ya rangi zimnunulie vitabu.